Sauti Iliyotangulia Nyumbani

Siku Priscila aliporudi Kirushya baada ya miaka kumi na tisa, kaka yake Gidioni alitangulia mlangoni na begi begani, akaita kwa furaha ya kujilazimisha, "Mama! Priscila amefika!" Kutoka ndani mama yao akajibu bila kushtuka, kama mtu aliyeulizwa habari za kuku, "Atafika mara ngapi? Si yumo chumbani mwake, amejilaza. Msimwamshe."

Priscila akamtazama kaka yake. Gidioni akatazama chini.

"Uliniandikia kuwa ni macho tu," alinong'ona Priscila, maana kunong'ona ndiko kulikobaki kooni mwake. "Hukuniambia kama na akili imekwenda."

"Akili anayo yote. Ingia umsalimie."

Mama Eustakia alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza kwenye mlango wa ndani ulioning'inizwa pazia la kitenge. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega ilionekana ndani ya blauzi. Priscila alipiga magoti, akamshika mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Pole, umeugua koo?" Aliipapasa mikono ile polepole, kidole kwa kidole, kisha akaiachia. "Gidioni, huyu umemtoa wapi? Mpe chai ya tangawizi, anasikika kama anakwangua sufuria."

"Mama, ni mimi. Ni Priscila."

Mama alicheka, cheko la upole, la kumhurumia mtu. "Priscila wangu ni mwimbaji, mwanangu. Wewe huna sauti hata ya kufukuzia kuku. Lakini karibu, nyumba ni kubwa."

Aliyoyasema mama yalikuwa kweli tupu.

Kazi ya opera, ukiiangalia kutoka kwenye viti, ni taa na velveti na mashada ya maua. Kwa Priscila ilikuwa kusimama mstari wa nyuma. Sista mmoja alimsikia akiimba sauti ya kwanza kwenye misa ya watoto, akamtafutia nafasi ya kusoma muziki Ujerumani. Alimaliza chuo, akaajiriwa kwenye kwaya ya opera katika mji mmoja wenye mvua nyingi, na hapo akakaa miaka kumi na mmoja. Alivaa kofia za wajakazi, akabeba masinia yasiyo na kitu, akawa mwanakijiji, akawa mtawa, akawa mzimu miongoni mwa mizimu, anaimba maneno matatu na kuondokea upande wa kushoto. Kila mwaka alikwenda kwenye usaili wa nafasi kubwa, na kila mwaka wale waliokaa nyuma ya meza walimwambia kuwa sauti yake ni ya ajabu, ila wao hawamwoni kwenye nafasi ile. Mwishowe walimfanya mwimbaji wa akiba. Alijifunza nafasi yote ya malkia, na kila onyesho alikaa chumba cha nyuma na kitabu chake cha nota, koo limepashwa moto, akingoja mwenye nafasi augue. Misimu mitatu mwenye nafasi hakupata hata mafua.

Jumapili moja ya Novemba akaugua.

Onyesho lilikuwa la alasiri. Saa nne asubuhi Priscila alikuwa anapunguziwa gauni la mwenzake, limejaa pini kiunoni, simu ikaita. Alikuwa Gidioni. "Mama anakuita," alisema. "Tangu macho yamezimika, kila jioni anashika fimbo anakwenda ukingoni mwa bonde, anapaza jina lako. Watu wanamcheka. Njoo, dada. Hata wiki moja."

"Kaka, nipe mwezi mmoja tu. Leo ndiyo siku yangu. Leo au basi."

Sehemu ya kwanza ya opera aliimba mpaka waliomo kwenye okestra wakawa wanainua vichwa kumtazama. Sehemu ya pili malkia anamuaga mtoto wake kwa wimbo mrefu. Alivuka mstari wa kwanza na wa pili, akajaza kifua kwa mstari wa tatu, akafungua kinywa, na sauti ikatoka ndani yake kama mtu anavyonyanyuka kitini akaenda zake. Vinanda viliendelea peke yao. Watu elfu na zaidi walimtazama mwanamke amesimama katikati ya jukwaa amepanua kinywa, mpaka mtu fulani alipokuwa na huruma ya kushusha pazia. Madaktari watatu walimulika koo lake na hawakuona kidonda wala uvimbe. Msimu ulipokwisha, mkataba nao ukaisha.

Jioni ya siku aliyofika Kirushya, Gidioni alitaka alale nyumbani kwake, ng'ambo ya migomba. Priscila alikataa. Alisogeza pazia akaingia kwenye chumba chake cha usichana. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, lakini katikati palikuwa na bonyeo la mwili, na alipolipitishia mkono, shuka lilikuwa limelowa, la baridi. Chumba kilinuka matope ya bondeni, ile harufu ya mafunjo yaliyoozea majini. Sakafuni hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja.

Alirudi sebuleni, akalala kwenye mkeka karibu na mama.

Kesho yake, saa tisa alasiri, jua limeibana migomba na kuku wamelala chini ya mikahawa, Priscila alikuwa anachagua maharage kwenye ungo aliposikia mtu anavuta pumzi nyuma ya pazia. Alilitazama pazia lenyewe na kuona limevutwa ndani, taratibu, likajinamisha kuelekea chumbani kama kitambaa juu ya pua ya aliyelala, likatulia hapo, na ndipo wimbo ukaanza, kwa Kitaliano, kwenye mstari wa tatu wa malkia, pale pale alipouachia yeye mbele ya watu elfu, ukiwa na ule mtetemo wake wa chini ambao mwalimu alihangaika miaka miwili kuuondoa, ukiwa na ile desturi yake ya kuchelewa kidogo kabla ya noti ya juu, sauti yake mwenyewe, nzima, tamu, isiyo na jeraha, ikipanda na kujaza nyumba ya matofali ya kuchoma mpaka vikombe vikalia kabatini, na yeye ameketi nje ya sauti hiyo na ungo mapajani, kinywa wazi, kooni hamna kitu.

Mama Eustakia alikuwa amefumba macho yake yasiyoona. Alikuwa anatabasamu.

"Unamsikia?" alimwambia mgeni wake. "Huyo ndiye wa kwangu. Alikaa kwa wazungu miaka mingi hata nikamchukia. Nilisema moyoni, mtoto gani huyu, afadhali ningezaa jiwe, jiwe ningelikalia. Kumbe anarudi. Siku aliyorudi nilimwomba msamaha kwa neno lile."

Priscila aliinamia ungo. Machozi yake yalidondokea maharage.

Gidioni alimweleza yote wakiwa shambani, mbali na nyumba, na bado alisema kwa kunong'ona. Jumapili ile ile, jua linazama, mama alikwenda bondeni kuita kama kawaida. Alirudi bila fimbo. Alikuwa ameshika mkono wa mtu, na Gidioni hakumwona mtu. "Alitembea hivi, dada, mkono umeinuka pembeni, anaongea. Akasema, 'Gidioni, msalimie dada yako.' Na wewe ukanijibu. Ukaniambia, 'Kaka, habari za siku.' Kwa sauti yako hasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Uliandika kuwa umepoteza sauti. Nikuandikie kuwa iko huku?" Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mke wangu amechukua watoto amekwenda kwao Nyakisasa. Padri alikuja akanyunyizia maji ya baraka, akaanza wimbo wa kuingia. Sauti ile ikampokea, dada. Ikaimba naye ubeti hadi ubeti, vizuri kuliko kwaya nzima. Alipotoka alikuwa analia, na hakusema analilia nini."

Lakini kilichomtisha Priscila zaidi kilikuwa sahani. Kila alipompelekea mama ndizi na maharage, mama aliirudisha. "Nimeshiba. Tumekula na Priscila." Siku ya nne Priscila alinyanyua bakuli lililokuwa mvunguni mwa kitanda cha chumba kile, akakuta limejaa tope jeusi la kinamasi, lenye alama za vidole vitatu vya mtu aliyelimega. Alipomgeukia mama akaona kona za midomo yake, na mstari mweusi kwenye fizi.

Asubuhi hiyo Gidioni alipanda gari kwenda Biharamulo. Alirudi kesho yake na Bi Swabaha, mwanamke wa makamo mwenye duka la vitenge mjini, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na ambaye elimu ya majini aliirithi kwa mama yake kama wengine wanavyorithi shamba. Hakuingia ndani kwanza. Alisimama uani, akanusa.

"Huyu ni jini wa maji," alisema. "Si muuaji. Ana njaa ya watu."

"Shikamoo, bibi," alinong'ona Priscila.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye sauti?" Alimshika kidevu, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Mama yako aliita jina kwenye saa ya magharibi, mahali pasipo pa kuitia. Aliyesikia alitamani kuitika, na hakuwa na sauti. Akaenda kuichukua kwa mwenye jina."

"Atoke," alisema Gidioni.

"Nikimtoa mimi, atatoka nayo. Na atarudi. Aliyemwita ndiye wa kumwambia nenda." Bi Swabaha akashusha sauti. "Fanyeni leo. Kwa tope hili la bondeni hafikishi mwezi mwingine."

Jua lilipoanza kugusa vilima, walikaa sebuleni wote wanne. Bi Swabaha aliweka ubani kwenye makaa, akasoma alichosoma kwa midomo tu. Moshi ulikwenda moja kwa moja kwenye pazia, na pazia likauvuta.

"Mama," ikasema sauti kutoka chumbani, kwa Kihangaza laini cha nyumbani, sauti ya Priscila wa miaka ishirini. "Mama, hawa ni nani? Naogopa."

Priscila alitambaa mpaka miguuni kwa mama yake. "Mama, usimsikilize. Mimi ndiye. Nakuapia kwa kaburi la baba. Mimi ndiye mwanao, sauti imeniacha, lakini ni mimi."

Mama Eustakia akanyoosha mkono, akaukuta uso wa Priscila bila kupapasa, kama mtu anayejua ulipo.

"Najua, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Nilijua siku ile uliponishika mikono. Hiki kidole ulikikata kwa panga la kukatia ndizi ukiwa na miaka sita, mimi ndiye niliyekifunga. Mama asimjue mtoto wake?"

"Mbona sasa..."

"Kwa sababu wewe utaondoka." Hakulisema kwa hasira. "Koo lako litapona, watakuita, utapanda ndege. Huyu haondoki. Nikiamka yupo. Nikimwita anaitika. Ni kweli ananilisha tope. Lakini anakaa nami tunakula."

Gidioni alitoka nje akasimama akiwa ameshika nguzo ya baraza. Priscila aliweka kichwa mapajani mwa mama, mapaja yaliyobaki kama fito mbili, akalia bila sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mama hakuweza kumwona wala kumsikia analia. Aliujua mtikisiko tu.

"Siondoki," alinong'ona. "Nimekuja kukaa. Nisamehe, mama. Ungeniita nikiwa karibu ningekuja. Niliona ile ni siku yangu."

"Uliimba vizuri siku ile?"

"Mistari miwili."

Mama akashusha pumzi ndefu. Aligeuza uso kuelekea pazia. "Wewe uliye humo. Asante kwa kukaa nami. Sasa mrudishie mwanangu kilicho chake, uende kwenu."

Pazia likatulia. Harufu ya kinamasi ikapanda mpaka ikazima ubani, maji yakaanza kuchuruzika chini ya mlango wa chumba, membamba, meusi, yakienda polepole kwenye mkeka, na sauti ile, ambayo sasa ilikuwa bado ya Priscila lakini haikuwa tena ya mtu yeyote, ikauliza neno moja baada ya jingine, kama mtoto anayezuia kulia, "Na mimi, mama, nani atanisikiliza?"

"Usimjibu!" alisema Bi Swabaha. "Bibi, nakuomba, usimpe ahadi."

Lakini Mama Eustakia alikuwa ameshajibu. "Macho yalikwisha kwenda, hayo siwezi kukupa. Chukua masikio. Yamekuzoea. Nenda nayo bondeni, upate wa kukusikiliza."

Priscila alihisi kitu cha baridi kinashuka kooni kama maji ya kisima baada ya kiu ya siku nyingi. "Mama!" alipiga kelele, na kelele ile ilijaza nyumba, ikatoka madirishani, ikavuka migomba, majirani wakasimama. Ilikuwa sauti yake yote. "Mama! Hapana, mama!"

Pazia lilining'inia wima, kavu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri.

"Mbona mko kimya?" aliuliza. "Ameshaondoka? Priscila, sema neno, mwanangu, nikusikie."

Toka siku hiyo alikula. Priscila alimlisha kwa mkono wake, uji, ndizi, maharage yaliyopondwa, na nyama kidogo ikarudi mabegani. Alimwogesha, alimsuka, alilala naye mkeka mmoja. Sauti ilikuwa imerudi nzuri kuliko zamani, na hapakuwa na namna ya kumwonjesha mama hata tone lake. Nyumba ya opera, ambayo habari zilikuwa zimeifikia, ilimwandikia kumwalika kwenye usaili wa msimu mpya. Priscila aliisoma barua mara mbili na kuwajibu kuwa hatakuja. Hakuijutia. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Kila jioni mama alikuwa akigeuza kichwa upande wa bonde na kusema lile lile.

"Nasikia maji. Maji na mafunjo yanayosuguana. Hakuna mtu huko."

Mara ya kwanza Priscila alidhani ni mawazo ya uzee. Mara ya kumi akaelewa kwamba masikio ya mama yalikuwa kule bondeni, na yalikuwa bado yanasikia.

Bi Swabaha alikuwa amemwonya wakati wa kuagana: asikanyage bondeni saa ya magharibi, kwa jambo lolote. Priscila alimlaza mama, akamwachia Gidioni, akateremka. Alisimama ukingoni, mahali ardhi inapoanza kulainika, mafunjo yakiwa kimya mbele yake kama watu waliokwisha kuketi. Akaimba. Aliimba wimbo wa malkia kuanzia mwanzo, akavuka mstari wa tatu, akaumaliza.

Aliporudi alimkuta Gidioni mlangoni, uso umembadilika. "Mama aliketi," alisema. "Alishika kifua akaketi. Akaniambia, 'Nyamaza, Gidioni, dada yako anaimba.' Mimi sikuwa nimesema kitu."

Ikawa hivyo kila jioni, kiangazi chote mpaka mvua za vuli. Akitaka mama amsikie, ilimbidi amwache. Akikaa naye, akamkumbatia, akamsemesha sikioni, alikuwa bubu kwake. Waliopita njia ya juu walisema binti wa Eustakia amechanganyikiwa, anaimbia kinamasi. Aliimba kila alichopata kujifunza, nafasi za wajakazi na za watawa na zile nafasi kubwa ambazo hawakumwona nazo, na maji yalikuwa yanasogea karibu na miguu yake kila siku kidogo, na hakurudi nyuma.

Jioni moja ya Desemba mama alimshika Gidioni mkono. "Leo wanaimba wawili," alisema. Gidioni alitoka uani akatega sikio. Kutoka bondeni ilikuja sauti moja tu, ya dada yake.

Aliporudi ndani, mama alikuwa amelala chali, anavuta hewa kwa shida, mikono imetulia juu ya blanketi. Gidioni alipiga magoti. Akasahau kuwa mama hasikii, akamwambia, "Ngoja, mama, ngoja nikamwite!"

Mama alihisi anavyonyanyuka, akamkaza mkono kwa nguvu ambayo hakutegemewa kuwa nayo.

"Usimkatishe," alisema. "Yuko pazuri hapo. Mwache amalize."

Gidioni alikaa mpaka mkono ule ulipolegea. Alimfumba mama macho, akateremka bonde gizani kwa kukimbia, akateleza, akainuka, mpaka akamwona dada yake mbele ya mafunjo, maji yamemfika magotini, kichwa ameinua, anamuaga mtoto wa malkia kwa sauti ambayo hakuna jukwaa lililowahi kuisikia. Gidioni alifungua kinywa kumwita. Kisha akasimama pale pale kwenye tope, akavua kofia, akamwacha amalize.